Si kila damu chooni ni bawasiri

Ndugu msomaji, leo nazungumzia jambo ambalo wengi wetu hatulitaji mbele za watu, yaani choo. Najua wapo wanaosoma gazeti hili huku wakinywa chai ya asubuhi. Niwieni radhi, lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

Hapa Iringa, ukipita mitaa ya Mlandege hukosi mtu anayeuza dawa ya bawasiri. Mteja husogea, hunong'ona kwamba anaona damu akienda haja kubwa, naye muuzaji humfungia unga wa mizizi kwenye karatasi. Basi, biashara imekwisha. Mteja haulizwi umri wake, wala damu ilianza lini, wala kama amepungua uzito. Hapo ndipo penye hatari.

Ni kweli kwamba mara nyingi damu hiyo ni ya bawasiri. Lakini saratani ya utumbo mpana nayo yaweza kuanza hivyo hivyo, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Dalili zake nyingine ni choo kubadilika kwa majuma kadhaa, kuharisha au kufunga choo bila sababu, tumbo kusokota, kukonda, na kuishiwa damu.

Ugonjwa huu hauji kwa siku moja. Aghalabu huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, kisicho na maumivu. Vingi vya vinyama hivyo havina madhara, lakini baadhi huchukua miaka kama 10 kugeuka saratani. Kikionekana mapema, daktari hukikata kwa kutumia mpira wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa, na saratani inazuiwa kabla haijazaliwa.

Wengine husema huu ni ugonjwa wa wazee wa Ulaya. Ken Okoth, Mbunge wa Kibra jijini Nairobi, alikufa kwa saratani hii Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 41. Alikuwa amewatangazia wananchi ugonjwa wake miezi michache tu kabla. Hapa kwetu, uchunguzi wa mafaili ya Taasisi ya Saratani Ocean Road ya miaka ya 2005 hadi 2015 ulionyesha kuwa wagonjwa wa saratani hii wanaongezeka. Nao madaktari wa Bugando, Mwanza, waliandika mwaka 2013 kuhusu wagonjwa 332, na wengi wao walifika wakiwa wamechelewa.

Kuchelewa kuna gharama. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa saratani hii ikikutwa ingali ndani ya utumbo tu, wagonjwa kama 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikishasambaa hadi ini au mapafu, hawafiki hata 2 kati ya 10.

Matibabu makuu ni upasuaji wa kuondoa kipande cha utumbo chenye ugonjwa. Kulingana na hatua yake, mgonjwa huongezewa dawa za saratani, na ikiwa ni ya sehemu ya chini karibu na njia ya haja, mionzi pia. Wengine hutolewa choo kupitia tumboni kwenye mfuko maalumu, kwa muda au maisha yote. Si aibu, mtu huendelea na kazi zake.

Je, tufanye nini? Aonaye damu asijitibu. Aende zahanati au kituo cha afya, aeleze bila kuficha, na akubali kupimwa kwa kidole. Ni jambo la dakika moja tu. Akipewa rufaa aifuate. Asiye na dalili lakini ametimiza miaka 45, umri ambao Marekani iliupitisha mwaka 2021 badala ya 50, amuulize daktari kuhusu kipimo cha choo cha kutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua asingoje umri huo.

Tule dona, maharage na mboga za majani, tupunguze nyama nyekundu, sigara na pombe, ulanzi ukiwemo. Haya hupunguza hatari, lakini hayaiondoi. Kwa hiyo leo jioni muulize baba, mama au mwenzako nyumbani swali hili moja: unaona damu chooni? Akijibu ndiyo, kesho mpeleke hospitali.