Kuku Akijeruhiwa, Vifaranga Wasife kwa Baridi

Mwewe au kicheche akimjeruhi kuku mwenye vifaranga, wengi humshughulikia mama peke yake, kumbe vifaranga ndio wanaokufa kwanza. Kifaranga huanguliwa na manyoya laini yasiyozuia baridi. Joto lake hulipata chini ya mbawa za mama. Katika nchi za juu kama Limuru na Kinangop, usiku mmoja waweza kuwamaliza wote.

Basi watiwe katika sanduku lenye majani makavu, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, na maji yabadilishwe yapoapo. Juma la kwanza wahitaji joto la digri 32 hadi 35 za Sentigredi. Kisha lipunguzwe digri 3 hivi kila juma, mpaka waote manyoya kamili. Wakisongamana na kulia, waona baridi. Wakitawanyika pembeni huku wakihema, joto limezidi. Jiko la makaa lisiwekwe katika chumba kisichopitisha hewa, kwani sumu yake isiyoonekana huua vifaranga, na watu pia.

Mama naye atengwe upesi, maana kuku wenziwe wakiona damu humdonoa hata afe. Jeraha lioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, na nzi wazuiwe wasitage humo, kwani funza watokao hula nyama. Akae mahali pakavu, penye giza kidogo, maji na chakula vikiwa karibu. Mfupa ukivunjika, au jeraha likinuka, aitwe daktari wa mifugo. Akipona baada ya siku chache, arudishiwe vifaranga usiku, ili awapokee kwa utulivu.