Gugu Karoti Ling'olewe Kabla ya Kutoa Maua

Mkulima wa Karatu anaweza kusema: "Palizi ya mahindi yangu haijaisha. Kwa nini nikajitolee kung'oa magugu Ngorongoro, kwenye shamba la tembo na nyati?" Swali hilo ni la haki. Hebu tulijibu.

Liko gugu linaloitwa gugu karoti. Majani yake yamechanika kama ya karoti. Maua yake ni madogo, meupe. Asili yake ni Meksiko na nchi za jirani. Hapa Tanzania lilitambuliwa Arusha mwaka 2010. Mche mmoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, na mbegu hizo hukaa udongoni miaka kadhaa zikingoja mvua.

Gugu hili halina miguu, lakini linasafiri kuliko sisi. Linapanda matope ya magurudumu, kwato za ng'ombe, maji ya mvua, hata mchanga wa kutengenezea barabara. Na magari ya watalii kutoka Arusha yanapita wapi? Mto wa Mbu, Karatu, lango la Loduare, kisha kreta. Basi mbegu iliyoanguka leo mbele ya duka la Karatu, kesho inaweza kuwa kwenye malisho ya nyumbu. Mvua nayo inaweza kuishusha shambani kwako.

Likishika mahali, majani ya malisho hupungua. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Watu wengine wakiligusa huwashwa ngozi, wengine hubanwa kifua. Kwa hiyo ushujaa wa kuling'oa mikono mitupu hatuutaki! Vaa glavu, mikono mirefu, na kitambaa puani.

Kazi yenyewe hufanywa udongo ukiwa bado na unyevu. Shika shina chini kabisa, uvute mpaka mzizi utoke. Kufyeka hakutoshi, maana huchipua tena. Ni lazima kuwahi, kwani huweza kutoa maua wiki nne tu baada ya kuota. Kama limekwisha toa maua, litie guniani polepole, ukalichome shimoni. Kung'uta nguo na viatu hapo hapo.

Halafu urudi mvua ijayo. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Siku ya kwanza watu ni wengi, na picha zinapigwa. Siku ya pili wamebaki watano. Gugu halijali picha, bwana.

Jambo jingine. Si kila ua la kreta ni geni. Yako magugu ya asili yenye maua ya njano yaliyoenea mno kwenye nyasi za kreta. Wataalamu wengine wanasema yalipata nafasi kwa sababu ng'ombe wa Wamaasai waliondolewa humo mwaka 1974, na moto wa kuchoma nyasi ukaachwa. Mwaka 2001 moto wa mpango ulianza tena. Wazee wafugaji wana la kusema hapo, nasi tunaona wasikilizwe.

Kwa hiyo anayejitolea ang'oe lile tu alilooneshwa na mtaalamu, wala asiingie hifadhini bila ruhusa ya Mamlaka. Nyumbani anza na kando ya barabara, kisimani na penye mnada wa ng'ombe. Ukiwa na shaka, mpelekee bwana shamba tawi moja, limefungwa ndani ya mfuko.