Cotopaxi: Volkano, Barafu na Maji katika Nyanda za Juu za Ekuador

Ekuador ni nchi ya Amerika ya Kusini iliyo upande wa Bahari ya Pasifiki, na mstari wa ikweta hupita kaskazini kidogo ya mji mkuu wake, Quito. Safu ya milima ya Andes huikata nchi hiyo kutoka kaskazini hadi kusini kwa matuta mawili yaendayo sambamba, na baina ya matuta hayo limo bonde refu lililoinuka, lenye miji na mashamba, ambalo huku na huku limepakana na milima ya volkano. Mtaalamu wa Kijerumani Alexander von Humboldt, aliyeizuru nchi hiyo mwaka 1802, alipendezwa sana na mpangilio huo, na hadi leo wenyeji na wageni huliita bonde hilo Njia ya Volkano. Kwenye tuta la mashariki, umbali wa kilomita 50 hivi kusini mwa Quito, ndipo uliposimama mlima Cotopaxi, wenye kimo cha mita 5,897, yaani mita mbili tu zaidi ya kilele cha Kilimanjaro. Milima hiyo miwili iko karibu na ikweta na yote ina barafu kileleni. Lakini Kibo, kilele hicho cha Kilimanjaro, haijalipuka katika muda wowote ambao watu wameuandika, ilhali Cotopaxi imelipuka mara nyingi tangu Wahispania walipoingia huko mwaka 1534.

Hifadhi ya Taifa ya Cotopaxi ilianzishwa mwaka 1975, ikapewa eneo la zaidi ya hekta 33,000 katika majimbo matatu ya Cotopaxi, Pichincha na Napo. Mgeni aingiaye kutoka barabara kuu hupita kwanza katika msitu wa misonobari, na wengi huudhani kuwa ni msitu wa asili, ingawa miti hiyo ililetwa kutoka Amerika ya Kaskazini na kupandwa kwa ajili ya mbao. Uzuri wake usimdanganye mtu, kwa maana uchunguzi uliofanywa katika nyanda za juu za Ekuador umeonyesha kwamba misonobari hunywa maji mengi na kuukausha udongo uliohifadhi unyevu kwa karne nyingi.

Utajiri wenyewe wa hifadhi huanza pale misonobari inapokwisha. Hapo hufunguka uwanda mpana wa nyasi ngumu zilizoota kwa mafungu, zenye rangi ya majani makavu, ambao wenyeji huuita paramo. Ni eneo la Andes lililo juu ya mpaka wa misitu na chini ya mpaka wa theluji, lenye baridi, ukungu na mvua nyepesi karibu mwaka mzima. Udongo wake ni mweusi na laini, kwa kuwa umetokana na majivu ya volkano yaliyochanganyika na mabaki ya mimea ambayo, kwa sababu ya baridi, huoza polepole mno. Udongo wa namna hiyo hufyonza maji kama sifongo, kisha huyaachia kidogo kidogo, hata vijito visikauke wakati mvua inapoadimika. Kutoka hapo mto Pita huelekea kaskazini, ukatoa sehemu ya maji yanayonywewa Quito, na hatimaye maji yake hufika Pasifiki. Mto Cutuchi nao huelekea kusini, ukapita katika mji wa Latacunga, na maji yake huishia katika mto Amazon na Bahari ya Atlantiki. Mlima mmoja basi hunywesha bahari mbili, na mkulima wa Latacunga na mwenye bomba la maji mjini Quito humtegemea mlinzi yuleyule wa nyasi. Ndiyo maana moto unaowashwa na wafugaji ili majani mapya yachipue ni hasara kubwa kuliko unavyoonekana.

Wanyama wa uwanda huo hawaonekani kwa wingi kama katika mbuga za Afrika Mashariki. Wapo mbweha wa Andes, kulungu wenye mikia myeupe, na farasi waliorudia maisha ya mwituni, ambao kwato zao huuchimbua udongo laini. Kondori, ndege mkubwa wa jamii ya tumbusi, ni adimu. Anayevutia zaidi ni kolibri wa milimani, ndege mdogo anyonyaye maji ya maua kama afanyavyo chozi wa kwetu, na ambaye hupenda sana maua ya rangi ya machungwa ya kichaka kiitwacho chuquiragua.

Hatari ya Cotopaxi inatokana na barafu yake zaidi kuliko moto wake. Mlipuko unapotokea, mawingu mazito ya gesi, mawe na majivu yenye joto la mamia ya nyuzi huporomoka mtelemkoni na kuyeyusha barafu kwa ghafla, kisha maji hayo hukumba mchanga na mawe yakawa mto wa tope zito uitwao lahari. Tarehe 26 Juni 1877 malahari yalishuka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Latacunga ikaharibiwa, mamia ya watu wakafa, na tope lililopita kwenye bonde la Los Chillos, mashariki ya Quito, likafika Pasifiki. Bonde hilo leo limejaa nyumba. Mwezi Agosti 2015 mlima ulitoa majivu tena baada ya utulivu wa zaidi ya miaka 70, serikali ikatangaza hali ya hatari, na kupanda kileleni kukapigwa marufuku kwa takriban miaka miwili; majivu yakaonekana tena mwishoni mwa mwaka 2022. Barafu yenyewe imepungua sana, kwani kati ya mwaka 1976 na 1997 pekee ilipoteza karibu asilimia 30 ya eneo lake, lakini iliyobaki bado inatosha kuzaa maafa.

Kilele kilifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1872 na Mjerumani Wilhelm Reiss pamoja na Mkolombia Ángel Escobar. Siku hizi wapandaji huondoka usiku wa manane kutoka kwenye nyumba ya wapandaji iliyo mita 4,864 juu ya usawa wa bahari, ili wafike juu kabla jua halijailainisha theluji, na sheria inawataka wawe na kiongozi aliyesajiliwa. Mgeni asiyepanda anaweza kufika kwenye nyumba hiyo kwa miguu kutoka mahali magari yanapoishia, ingawa hewa nyepesi huigeuza njia hiyo fupi kuwa kazi ya karibu saa nzima.

Anayekusudia kwenda akae kwanza siku mbili au tatu Quito, ili mwili uizoee hewa nyepesi, na asome taarifa za Taasisi ya Jiofizikia, ambayo huupima mlima usiku na mchana. Akiwa na muda wa matembezi mamoja tu, ni heri auache mteremko wa barafu na kulizunguka ziwa dogo la Limpiopungo, lililo kwenye mita 3,800 hivi, kwa maana huko ndiko paramo, maji na ndege vinakoonekana kwa karibu zaidi.