Pumzi Ndefu, Usingizi Mzito

Ukimaliza kupanda mlima wa Ngosi, upande wa Mbeya kabla ya kufika Tukuyu, ziwa unaliona chini kabisa, ndani ya kreta. Hapo neno "kina" liko nyumbani kwao. Tukisema Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, na Ziwa Tanganyika mita 1,470, kila mtu ameelewa.

Taabu huanza neno hilo linapotolewa majini. Mimi ni mfasiri, na mara kwa mara nakutana na "deeply" ya Kiingereza. Mwingereza hupenda "deeply", hulala "deeply", hupumua na kusikitika "deeply". Akichimba shimo husema "deep" tu. "Deeply" ameitengea zaidi mambo ya moyo na akili. Mfasiri mwenye haraka huandika "kwa kina" kila mahali. Msibani hapa Tukuyu nilipewa barua ya rambirambi niisome: waajiri wa marehemu "wameguswa kwa kina". Mama mmoja aliyeketi mkekani akaniuliza, "Mwanangu, wamefanyaje?"

Swali lake lilikuwa la haki. Kwetu shimo ni refu, kisima ni kirefu, na hata pumzi tunavuta ndefu. Usingizi ni mzito, kama huzuni ilivyo nzito. Aliyezama usingizini amelala fofofo, na fofofo hiyo huwezi kuihamishia kwenye kula wala kupenda. Upendo ni wa dhati. Desturi huota mizizi, na mkulima wa chai wa Rungwe hahitaji kufafanuliwa hilo. Kile ambacho Kiingereza hukipima kwa kamba moja, sisi tunakipima kwa urefu, kwa uzito, na kwa kilicho moyoni. Huo ni utajiri, na inaniuma kuuona ukifutwa kwa maneno mawili ya ofisini.

"Kwa kina" ina kazi yake: kujadili, kuchunguza, kuchambua. Kwingineko mara nyingi "sana" au "mno" hutosha. Mnyakyusa akishukuru husema "ndaga fijo", na "fijo" ni "sana" tu, lakini hakuna anayeiona shukrani hiyo kuwa ya juujuu.

Yule mama nilimjibu, "Wanasema wameumia sana, mama."

Akaitikia kwa kichwa. "Haya, tumepokea."