Mchoro Uliofichika Ndani ya Jedwali

Maji ya Mto Rufiji, kabla hayajagawanyika katika mikono ya delta na kumwagika baharini mkabala na kisiwa cha Mafia, hupitia kwanza Bwawa la Julius Nyerere. Jiwe la msingi la bwawa hilo liliwekwa Julai 2019, nalo lina mitambo 9 ya kufua umeme, kila mmoja wa megawati 235, yaani megawati 2,115 kwa jumla. Mtambo namba 9 ndio uliotangulia kuwashwa, Februari 2024. Wakazi wa Kibiti na wa delta hulitazama bwawa kwa jicho la maji, hasa tangu mafuriko ya Aprili 2024. Makala haya yanautazama umeme wake kwa jicho jingine, jicho la karatasi.

Mtambo wowote wa namna hiyo huambatana na michoro ya udhibiti, yaani karatasi zinazoonyesha ni swichi gani huamuru rilei gani, na kila waya unatoka wapi kwenda wapi. Mitambo 9 inayofanana huhitaji mafungu 9 ya michoro inayokaribia kufanana, na katika huko kukaribia ndiko kwenye taabu. Mchoraji anayenakili fungu la kwanza ili apate la pili hana budi kubadili namba ya kila kifaa. Akisahau moja tu, fundi atakayefungua kabati la udhibiti siku ya hitilafu atakuta waya usiojulikana katika karatasi yake. Mimi mwenyewe niliwahi kumaliza usiku mzima katika kituo kimoja cha kusukuma maji, tochi kinywani, nikifuata waya mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa mchoro uliobandikwa ukutani ulikuwa wa kabati lililokwisha kubadilishwa.

Yafaa tujiulize mchoro huo ni kitu gani hasa. Picha ya mkoko hueleza umbo la mkoko. Mchoro wa saketi hauelezi umbo la chochote. Hueleza viungo tu, na viungo vyaweza kuandikwa katika jedwali.

Tuchukue pampu ya kujazia tangi la shule. Ina kinga F1 inayokata mkondo mota inapozidiwa, kitufe cha kuzimia S1, kitufe cha kuwashia S2, boya B1 lililomo tangini, na kontakta Q1 inayoipelekea mota umeme. Kila kifaa kina ncha zenye namba. Waya wa kwanza hutoka F1 ncha 96 kwenda S1 ncha 11. Wa pili, S1 ncha 12 kwenda S2 ncha 13. Wa tatu, S2 ncha 14 kwenda B1 ncha 11. Wa nne, B1 ncha 12 kwenda koili ya Q1, ncha A1. Nyaya mbili zaidi huunganisha ncha 13 na 14 za Q1 na zile za S2, ili pampu iendelee kwenda hata kidole kikiondolewa. Ukiongeza waya wa kuleta umeme na wa kuurudisha, jedwali limekwisha: mistari 8.

Namba zenyewe zina maana. Jozi inayoishia kwa 1 na 2 imeungana wakati kifaa hakijaguswa. Inayoishia kwa 3 na 4 imeachana mpaka kiguswe. Hivyo kompyuta ikisoma 11 na 12 hujua alama ya kuchora. Mahali pa kuichora hupatikana kwa hesabu ya kidato cha kwanza. Tuseme kila njia ya mkondo imepewa upana wa milimita 40, na kila kifaa kimo cha milimita 25, tukianzia juu penye 200. Kifaa cha tatu katika njia ya kwanza kitakaa penye x = 40 na y = 200 − 3 × 25 = 125.

Kazi hiyo hufanywa vyema na lahajedwali. Ile iliyotangulia kuenea katika kompyuta binafsi, VisiCalc, ilianza kuuzwa mwaka 1979, nayo ilitungwa kwa ajili ya hesabu za biashara, si za mafundi. Lakini lahajedwali za leo huunganisha pia maneno na tarakimu, hata chumba kimoja kikatoa amri kamili: chora mstari kutoka 40,125 hadi 40,100. Amri hizo huhifadhiwa kama maandishi ya kawaida, na programu ya uchoraji kama AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, huzitekeleza moja baada ya nyingine. Badili namba ya mtambo katika chumba kimoja, na fungu zima la pili hujichora. Zipo programu za bei kubwa zifanyazo haya yote; sizidharau, ila mwanafunzi na aanze na jedwali.

Hatari iko hapa: kompyuta haijui pampu ni nini. S1 ikiandikwa 13 na 14 kwa makosa, kosa litachorwa kwa unadhifu, tena mara 9. Katika saketi yetu ndogo litajifichua, kwa maana pampu itakataa kuwaka. Katika mitambo mikubwa, lakini, kitufe mara nyingi hupeleka habari tu kwa kompyuta ya udhibiti, nayo yaweza kupangwa kuikubali jozi iliyoachana. Fikiri basi waya ulioliwa na chumvi ya bahari, kama ile ya Nyamisati. Jozi ikiwa 11 na 12, waya ukikatika mashine husimama papo hapo na ubovu huonekana. Ikiwa 13 na 14, waya uliokatika hukaa kimya mpaka siku mtu atakapobonyeza kitufe kuokoa mkono wa mwenzake, na mashine iendelee kuzunguka.

Kwa bahati njema jedwali huweza kuhojiwa, jambo ambalo karatasi haikubali. Je, kipo kitufe cha kuzimia kisichoishia kwa 1 na 2? Ipo ncha yenye nyaya zaidi ya mbili? Kipo kifaa kilichoorodheshwa lakini hakina waya? Maswali hayo hujibiwa kabla ya mstari wowote kuchorwa.

Mwalimu asiye na kompyuta aweza kulifanya jaribio hili kwa karatasi ya grafu. Kundi moja liandike mistari 8. Kundi la pili, lisiloiona pampu, lichore kwa kufuata mistari hiyo tu, bila kubahatisha. Kisha mwalimu abadili namba moja kwa siri, mchoro urudiwe, na makundi yashindane kulitafuta kosa, moja likiwa na jedwali na jingine na mchoro. Katika madarasa yangu wenye mchoro hutangulia kosa likiwa la waya kuruka kifaa. Likiwa la tarakimu moja, wenye jedwali ndio hutangulia.