Kishindo cha Mabehewa na Tumbo la Dunia

Aliyewahi kusimama stesheni ya Kindu wakati kichwa cha treni kinarudi nyuma kufungwa na mabehewa amekwisha kuona jinsi tetemeko linavyosafiri. Kichwa hugonga behewa la kwanza, hilo husukuma la pili, na kishindo hufika mkiani ingawa kila behewa limesogea kidogo tu. Wimbi la kwanza la tetemeko hupita mwambani hivyohivyo, kwa kusukumana. La pili hufuata likiyumba kama kamba inayotikiswa. Ni la polepole, lakini ndilo hutikisa zaidi nyumba.

Pengo kati ya mawimbi hayo ni kipimo: kila sekunde moja ni takriban kilomita 8. Bukavu iko zaidi ya kilomita 300 kutoka kwetu Kindu. Tetemeko la huko, kama lile la Februari 3, 2008 lenye ukubwa wa 5.9, huacha pengo la sekunde kama 40 hadi Kindu.

Chanzo cha matetemeko haya ni Bonde la Ufa. Ardhi huko inavutwa pande mbili, milimita chache kwa mwaka. Mwamba huvumilia, kisha hukatika. Desemba 5, 2005 ulikatika Ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie, kwa ukubwa wa 6.8. Sisi tuko nje ya bonde hilo, lakini umbali si kinga kamili: mwaka 1992 tetemeko kubwa lilipiga eneo la Kabalo, mji ulio kwenye mto Lualaba na reli hii hii, kama Kindu.

Mawimbi hayo ndiyo yaliyotufunulia tumbo la dunia. Mwaka 1909 Andrija Mohorovičić aligundua kwamba yanaongeza kasi ghafla yakifika kina fulani: hapo ganda la dunia linakwisha, kilomita 30 hadi 50 chini ya mabara. Hufuata tabaka la mwamba wa moto hadi kilomita 2,900. Hapo wimbi la pili hukoma, kwa kuwa umajimaji hauwezi kuyumbishwa kama kamba. Kiini cha nje ni chuma kilichoyeyuka. Mwaka 1936 Inge Lehmann wa Denmark alionyesha kwamba ndani yake kuna kiini kigumu.

Basi ukihisi msukumo wa kwanza, usisubiri wa pili. Ingia chini ya meza imara, kinga kichwa, na ukiwa humo anza kuhesabu sekunde.