NADHARIA NA VITENDO: KIPI HUTANGULIA?

Wahenga walinena kuwa elimu bila amali ni kama nta bila asali. Wengi wetu hudhani elimu ndiyo hutangulia, vitendo vikafuata nyuma kama mkia. Je, ni kweli? Hebu tuwasikilize wanafalsafa wa fenomenolojia, yaani falsafa inayochunguza jinsi mambo yanavyotujia maishani kabla hatujayaundia nadharia.

Mwanzilishi wake ni Mjerumani Edmund Husserl (1859-1938), mzaliwa wa Moravia. Katika maandishi yake ya 1936 alieleza kwamba hata jiometri, somo linalotutoa jasho, ilichipuka katika kazi ya kupima ardhi. Kumbe watu walipima mashamba kwanza! Mistari iliyonyooka kabisa ya vitabuni ilikuja baadaye.

Mwanafunzi wake, Martin Heidegger, alitoa mfano wa nyundo katika kitabu chake cha 1927. Seremala hodari hakai akiwaza uzito na umbo la nyundo. Anagonga tu! Mawazo yake yote yako kwenye meza anayoiunda. Mpini ukivunjika ndipo anapoitazama nyundo yenyewe na kuanza kujiuliza maswali. Naye Mfaransa Maurice Merleau-Ponty, mwaka wa 1945, alitaja fimbo ya kipofu. Aliyeizoea haihisi fimbo mkononi. Huihisi njia kwa ncha yake.

Sasa basi, tutupe vitabu? La hasha! Heidegger hakusema vitendo ni upofu, wala nadharia ni hewa tupu. Kitendo kina uoni wake, na nadharia ina kazi yake ya mikono. Mwanabiolojia hawezi kutazama chochote kwa hadubini kabla ya kuandaa kile anachotaka kukiona. Na nyundo ikivunjika, ni lazima mtu aketi afikiri.

Ndugu zangu, jambo hili linatugusa sisi hapa shuleni. Anayekariri kanuni za fizikia bila kuunganisha hata waya mmoja ameramba nta tu. Na anayemcheka fundi wa jua kali eti "hakusoma" hajui kwamba mikono ile ina maarifa ambayo bado hayajaandikwa kitabuni. Tumwendee, tumuulize, kisha turudi vitabuni tukiwa na maswali yetu wenyewe.